Shajeri ya telefoni ku Raspberry Pi 4
Yaya, uliuliza kama shajeri ya telefoni ya wati 33 inaweza kuwasha Raspberry Pi 4, ile kompyuta kadogo: ile wati 33 isikudanganye. Pi 4 inaomba volti 5 na ampea 3, na shajeri za telefoni zinatoaka zile wati mingi kwa volti 9 ao kupita, tena mpaka telefoni iombe, Pi yenyewe haiombake. Soma maandishi kidogo ya nyuma: ukiona 5V 3A ni sawa, ukiona 5V 2A itawaka lakini chomeka disiki ku USB utaona karadi ka manjano kwa kona ya ekrani, njo kusema volti imeshuka chini ya 4.63. Mi natumiaka shajeri yenyewe ya Pi. Pi 5, ile yenye ilifuata Pi 4, njo mbaya zaidi, inataka ampea 5. Na vile umeme inakatikaka huku Goma, kadi ya SD, yenye Pi inawekaka vitu vyake vyote, chunga sana, umeme ikikatika inaweza haribika.