Mnaoanza kuvaa vifaa vya wasioona, fimbo msiiache nyumbani

Ndugu zangu mliopoteza uoni karibuni, na nyie wenye uoni hafifu mnaotaka kununua saa ya kutetemeka, ile inayokutikisa mkono ikigundua kitu mbele yako, au miwani yenye kamera, naomba mnisikilize kidogo maana mi hivi vitu navivaa mwaka wa 4 sasa hapa Dar na kuna mambo nimeyajua baada ya kuumia.

Siku ya tatu tu toka nipate saa yangu nilitoka kwetu Mbagala bila fimbo, nilijiona nimepona yaani, saa kimya kabisa afu mguu ukazama, nimo kwenye mtaro usiofunikwa, goti lilivimba wiki 2. Na saa haikuwa mbovu. Hizi sensa zilizomo ndani ya saa zinatoa mlio ambao hatuusikii, nyingi zinapiga mitetemo kama 40,000 kwa sekunde wakati sikio la mtu mwisho wake 20,000 hivi, mlio ukigonga kitu unarudi na saa inapima muda uliotumika ndo inajua kitu kiko mbali kiasi gani. Sasa shimo halina cha kugonga, kwa saa hiyo ni njia nyeupe. Shimo analijua fimbo.

Ila fimbo nayo inafagia chini tu. Kioo cha pembeni cha Fuso lililopaki, bati la kibanda, tawi, hivyo vyote vinakuja usoni na hapo kifaa kinakuokoa kweli, mi sitoki bila hicho. Chini fimbo, juu kifaa, kila mmoja na kazi yake.

Ukienda Kariakoo punguza umbali wa sensa uwe mita 1 hivi, ukiiacha mita 4 itatetemeka toka unashuka kwenye gari mpaka unaondoka, mkono unazoea na siku ya hatari kweli hutashtuka. Afu penye kanga na vitenge vilivyotundikwa usiiamini, nguo laini inameza mlio.

Kamera ni kwa kusoma. Kuna app ya Be My Eyes, ilianza 2015 Denmark, unapiga video mtu wa kujitolea anakuangalizia, na tangu 2023 kuna akili bandia inayokuelezea picha. Siku niliyosomewa karatasi ya dawa bila kumuita mtoto wa jirani nililia jamani, mambo ya ugonjwa wangu yalibaki yangu. Lakini usisimame Morogoro Road ukaiuliza kama magari yameisha, picha inaenda kwenye intaneti mpaka irudi na jibu boda keshafika, na bando likikata ndo umebaki katikati. Pale omba mtu akushike mkono, hakuna aibu.

Earphone za kuziba masikio barabarani hapana kabisa, tafuta zile zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio, maana boda anayekuja upande usio wake utamjua kwa sikio tu.

Na kabla hujalipa usijaribu dukani kwenye marumaru, omba utoke nayo ukapite njia unayopita kila siku, na fimbo yako na mtu wako pembeni, ikitetemeka muulize mbele kuna nini, ikikaa kimya muulize pia.