Kabla ya Kuamini Sifa za Gari, Mjue Anayelisifu

Gari la kwanza la familia nililolinunua nililichagua kwa kumsikiliza mtu mmoja. Alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mtu makini asiye na tabia ya kutia chumvi, na alilisifu SUV lake la ukubwa wa kati kwa maneno ambayo hata leo siwezi kuyaita uongo: lilikuwa tulivu, viti vyake havikuchosha, watoto wake walilala safari nzima, na tangu alinunue halikuwa limemsumbua hata siku moja. Sikumuuliza alilinunua lini. Nilikuja kufahamu, nikiwa nimekwisha kusaini makaratasi ya langu, kwamba alikuwa nalo kwa miezi minne. Mimi nilichukua lililotumika, la aina ileile na umbo lilelile, likiwa limepita kilomita 80,000, na kabla ya mwaka kwisha giaboksi yake ilianza kusitasita kila nilipoondoka kwenye taa za barabarani, kisha ikaanza kugonga ilipobadilisha kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Mwenzangu alikuwa amenieleza kwa uaminifu gari jipya lilivyo, na mimi nilikuwa nikinunua gari lenye historia ya mtu mwingine.

Tangu wakati huo, ushuhuda wowote wa mwenye gari nauanzia kwenye mambo mawili: amekaa nalo muda gani, na limetembea kilomita ngapi mikononi mwake. Miezi ya mwanzo humwonyesha mtu mambo ya namna moja, kama vile skrini inayokwama, simu isiyoungana na redio, au mlango wenye mlio. Kampuni ya utafiti ya Marekani, J.D. Power, huendesha tafiti mbili tofauti kwa sababu hiyohiyo: moja huwauliza wenye magari mapya kuhusu siku 90 za kwanza, nyingine huwauliza watu wenye magari ya miaka mitatu, na zote mbili huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Aina moja ya gari inaweza kufanya vizuri katika utafiti wa kwanza na kuanguka katika wa pili. Kwa anayenunua lililotumika, hata miaka mitatu ni michache, kwa kuwa bushi za mbele, shokapu, pampu ya maji, mauntingi za injini na uvujaji wa oili ni mambo ambayo aghalabu hujitokeza baada ya kilomita 100,000. Mtu mmoja aliyefika huko, akiwa na kumbukumbu nzuri, nampa uzito kuliko watu kumi wanaosifu harufu ya ngozi ya viti.

Jambo la pili, ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa, ni maisha ya huyo mwenye gari. Nilipokuwa nikitafuta gari la pili nilizungumza na watu wawili waliokuwa na magari ya dizeli ya aina moja na ya mwaka uleule. Wa kwanza alikuwa mama aliyelitumia kuwapeleka watoto shule na kurudi, safari ya dakika chache asubuhi na jioni, na alilalamika kwamba taa ya injini haizimiki, kwamba gari linapoteza nguvu, na kwamba kila likitoka gereji tatizo linarudi. Wa pili alikuwa mzee aliyesafiri barabara kuu karibu kila wiki, naye aliniambia, “Mwanangu, hili gari mimi naliwekea mafuta tu na kubadilisha oili.” Kwa siku kadhaa niliamini kwamba mmoja wao anatia chumvi, hadi fundi mmoja aliponieleza jinsi chujio la masizi la magari ya dizeli linavyofanya kazi. Chujio hilo hukusanya masizi yatokayo kwenye injini na kuyachoma, na ili yaungue linahitaji joto la takriban nyuzi 600. Katika safari ndefu joto hilo hupatikana na kazi hukamilika. Katika safari fupi injini huzimwa kabla ya wakati, masizi hurundikana, na dizeli iliyonyunyizwa ziada ili kupandisha joto huweza kushuka na kuchanganyika na oili ya injini. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Swali lililobaki lilikuwa ni maisha ya nani kati yao yanayofanana na yangu, na mimi nilikuwa mtu wa kupeleka watoto shule.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akianza kunisimulia gari lake, nataka kwanza kujua analiendesha wapi, umbali gani kwa siku, likiwa limebeba watu wangapi, na nani analihudumia. Wengine hushangaa, hasa wale waliotarajia niulize kuhusu spidi. Lakini bila majibu hayo sina namna ya kujua kama kinachosemwa kinanihusu.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye giaboksi, maana sehemu hii ndiyo inayozua shuhuda zinazopingana kuliko zote. Utamkuta mmoja akiapa kwamba giaboksi ya gari fulani ni mbovu tangu kiwandani, na mwingine mwenye gari hilohilo akisema ametembea nalo kilomita 200,000 bila kuigusa. Nimejifunza kuwauliza wote wawili swali moja: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Majibu ya waliopata shida mara nyingi ni kwamba haijawahi kubadilishwa, kwa sababu kitabu cha gari kilisema ni oili ya kudumu maisha yote. Neno “maisha” hapo linahitaji kuulizwa ni maisha ya nani. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake za otomatiki zimefungwa katika magari ya chapa nyingi, hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, kutegemea matumizi. Giaboksi ya lile gari langu la kwanza ilipofunguliwa, oili iliyomwagika ilikuwa nyeusi na ilinuka kuungua, na katika kitabu cha huduma nilichokabidhiwa hapakuwa na mstari hata mmoja uliotaja giaboksi. Siwezi kuthibitisha kwamba kubadilisha oili mapema kungeiokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba, baada ya siku hiyo, lawama ya mtu asiyejua historia ya huduma ya gari lake naichukua kama habari ya huduma zaidi ya habari ya gari.

Mtego mwingine ni jina. Watengenezaji hupenda kulibakiza jina lilelile huku chini yake wakibadilisha karibu kila kitu, na wasimulizi hawana desturi ya kutaja ni toleo gani wanalozungumzia. Chukua Nissan Pathfinder kwa hesabu ya miaka ya modeli ya soko la Marekani: ile ya 2012 bado ilikuwa na chesisi ya peke yake chini ya bodi, ya 2013 ikaja na bodi na chesisi vikiwa kitu kimoja pamoja na giaboksi ya CVT isiyo na gia za kawaida, na ya 2022 ikarejea kwenye otomatiki ya gia tisa. Kia Sorento ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuwa na chesisi ya peke yake. Toleo lililofuata likaiacha. Toyota Highlander ya Marekani iliachana na injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.5 katika modeli ya 2023 na kuchukua ya silinda nne ya lita 2.4 yenye turbo. Sasa mtu akikuambia tu kwamba Pathfinder ni ngumu, au kwamba Highlander haifi, amekupa sifa isiyo na mwenyewe. Muulize mwaka, injini na giaboksi, na ikiwa hakumbuki, muombe akuonyeshe kadi ya gari.

Hata ndani ya mwaka mmoja tofauti zipo. Rafiki yangu mmoja alilikataa gari zuri kwa sababu alisoma malalamiko mengi kwamba linarusha abiria wa nyuma. Waliolalamika walikuwa na toleo la juu, lenye rimu za inchi 20 na tairi zenye ubavu mwembamba. Yeye alikuwa akiangalia toleo la kawaida lenye rimu za inchi 18, ambalo tairi zake zenye ubavu mnene hupokea mashimo kwa upole zaidi. Tairi hizo za toleo la juu pia ni ghali zaidi kubadilisha, na katika magari ambayo magurudumu yote manne huvuta haifai kuweka tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika sana, kwa kuwa tofauti ya mzunguko wao huutesa mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma. Hayo utayasikia kwa aliyewahi kununua seti nzima kwa sababu ya msumari mmoja.

Kuhusu tafiti kubwa, sizidharau, ila nataka kujua zinahesabu nini. Klabu ya magari ya Ujerumani, ADAC, huhesabu magari ambayo watu wake waliitwa kuyaokoa barabarani, kwa hiyo betri dhaifu huonekana sana humo na kutu huonekana kidogo. Ripoti ya TÜV, mashirika ya ukaguzi ya Ujerumani, hutokana na ukaguzi wa lazima wa magari, kwa hiyo breki, taa na bushi ndizo zinazotawala. Consumer Reports, shirika la watumiaji wa bidhaa la Marekani, huwauliza wanachama wake wenyewe. Fundi naye ni chanzo kizuri, nimekwisha kusema jinsi mmoja alivyonisaidia, lakini tukumbuke kwamba yeye huona wagonjwa tu. Gari lenye wateja wengi sokoni litajaa gerejini kwake hata kama ni zima kuliko mengine.

Wapo watu ambao shuhuda zao hazisikiki kirahisi, nao ni waliokwisha kuuza. Aliyechoka na gari huliuza na kunyamaza, na anayebaki akizungumza ni aliyeridhika au aliyetoa fedha nyingi juzi na hataki kuonekana amekosea. Nimeona thamani ya kumtafuta aliyeuza na kumuuliza sababu, maana hana tena cha kutetea. Pia nimeacha kuuliza swali ambalo wengi hulipenda, la kama mtu angelinunua gari hilo tena, kwa kuwa hujibiwa na fahari. Badala yake nauliza: mara ya mwisho ulilipeleka gereji lini, kwa ajili gani, na ulisubiri spea kwa muda gani? Mtu anayejigamba hushindwa kubuni jibu la swali hilo papo hapo, na anayelalamika hulazimika kutenganisha ubovu wa gari na ubovu wa aliyemhudumia.

Mambo ya nafasi ndani ya gari sitegemei maneno ya mtu kabisa. Nilikwisha kuhakikishiwa na watu watatu kwamba gari fulani linachukua watu saba “bila shida.” Nilimuomba mmoja wao ruhusa, nikaenda na viti viwili vya watoto, nikavifunga safu ya pili, kisha nikamwambia binti yangu mkubwa apite kwenda safu ya tatu. Hakupita. Kiti cha safu ya pili kilikuwa hakiinamii mbele kikiwa kimefungwa kiti cha mtoto, na katika safu ya tatu hapakuwa na ndoano za ISOFIX za kufungia viti vya watoto, ambazo zingeniwezesha kuhamishia mmoja huko. Safu hiyo iliposimamishwa, buti lilibaki na nafasi ya mabegi mawili ya shule. Wale watatu walikuwa na watoto wakubwa wasiohitaji viti maalumu, hivyo kwao kweli shida haikuwapo.

Ulaji wa mafuta ni suala fupi: namba inayotoka kwenye dashibodi mara nyingi hupendelea gari, kwa hiyo mwamini aliyejaza tanki, akaandika kilomita, akajaza tena na kugawanya. Na wito wa mtengenezaji wa kurudisha magari ili yarekebishwe usiuhesabu kama aibu ya gari. Cha kuuliza ni kama gari lile hasa, kwa namba yake ya chesisi, ambayo kwa magari mengi huwa na jumla ya herufi na tarakimu 17, lilikwisha kurekebishwa.

Gari nililo nalo sasa nililipata kwa njia hiyo, baada ya miezi mitano ya kuudhi watu kwa maswali. Ni la petroli, lita 2.5 bila turbo, otomatiki ya gia sita. Nimekaa nalo miaka minne na kulitembeza kilomita 71,000, nyingi zikiwa safari fupi za mjini na watoto watatu, na safari ndefu mara tatu au nne kwa mwaka. Oili ya injini hubadilishwa kila kilomita 8,000 na ya giaboksi imebadilishwa mara moja. Limeenda gereji nje ya huduma ya kawaida mara tatu: bushi za mbele, beringi ya gurudumu la nyuma kushoto, na kamera ya nyuma iliyoingia maji, ambayo spea yake niliisubiri wiki sita. Likipanda mlima likiwa limejaa, hunguruma sana na halikimbii. Mlango wa buti una mlio ambao hakuna fundi aliyeupata.