Mwalimu kijana, usinunue kamera kwanza

Juma lililopita mwalimu kijana wa Hisabati aliniandikia akiuliza anunue kamera gani ili aanze kufundisha mtandaoni. Nilimjibu asinunue yoyote, na kwa kuwa wengi wenu mna ndoto kama yake, nimeona nieleze sababu.

Nilisoma sekondari miaka ya 1990, kitabu kimoja tukikigombania wanafunzi wanane. Mwalimu wetu alimwachia kiranja daftari lake lililochakaa atuandikie notisi ubaoni, kisha akatoweka. Siku niliyothubutu kumuuliza kwa nini sini ya nyuzi 30 ni nusu, alinijibu kwamba nikatazame kwenye kitabu cha majedwali, darasa zima likaangua kicheko, nami sikunyoosha mkono tena hadi nilipomaliza kidato cha nne. Kicheko kile bado nakisikia. Leo mwanafunzi mwenye simu hufungua GeoGebra, programu ya Hisabati ambayo ni ya bure, akaivuta pembe ya pembetatu mraba kwa kidole hadi ifike 30, akajionea upande unaoikabili ukiwa nusu kamili ya ule mrefu kuliko yote; uwiano huo ndio sini.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilijiona shujaa: nikarekodi vipindi vya video vya dakika arobaini na kuvimwaga kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu. Mzazi mmoja akanipigia simu. "Mwalimu, bando la wiki nzima limeishia kwenye somo moja, na mtoto hata hajafika katikati." Niliona aibu. Tangu siku hiyo nikawa natuma picha ya swali nililolikokotoa kwa mkono, hatua ya mwisho nikiiacha wazi, pamoja na maelezo ya sauti yasiyozidi dakika tatu, na kila mmoja akinirudishia picha ya daftari lake kabla ya magharibi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni maswali. Yalikuja faraghani, mengi usiku, kutoka kwa wale wasiofungua kinywa darasani. Binti mmoja ambaye sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia aliniuliza maswali kumi na moja kwa juma moja, tena ya msingi kabisa, ya kujumlisha sehemu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nunua kalamu nyeusi, piga picha mchana karibu na dirisha, na video ziache kwanza. Atakayekuuliza saa nne usiku unaweza kumjibu asubuhi, lakini mjibu, na swali lake usilipeleke kundini likiwa na jina lake.