Jeni hainyamazishwi, hufifishwa

SWALI: Maalim, salaam. Nasomea uuguzi hapa Mombasa na nimepewa kazi ya kueleza maikroRNA, vile vijiuzi vya kikemia ndani ya seli, kwa Kiswahili. Nimeandika hivi: «MaikroRNA zinacheza nafasi muhimu katika maendeleo ya moyo. Zinanyamazisha jeni, na programu za kompyuta hutabiri jeni hizo ni zipi.» Mwenzangu asema ngeli ndiyo niliyokosea, ati iwe «vinacheza» kwa kuwa ni vitu vidogo. Nani ana haki?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ngeli umeipatia, mwanangu. Jeni, protini, vitamini, zote ziko I-ZI, na maikroRNA yazifuata. Mwenzako pengine amepotezwa na virusi. Lakini virusi havikuingia KI-VI kwa udogo wake. Neno lilikuja na «vi» mdomoni, watu wakalitolea umoja, kirusi.

Taabu yako ni vitenzi. «Zinacheza nafasi» ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nafasi huchezwa na beki wa kushoto. Ondoa tu, useme kitu kinafanya nini.

«Maendeleo ya moyo» nayo yanukia kampeni: barabara, maji, maendeleo ya moyo. Mtoto tumboni huumbika, na moyo wake pia huumbika. Usihofu kwamba kuumba ni kwa Mola peke yake. Huumbika haimtaji mtendaji.

Sasa «kunyamazisha», na hapa ndipo ningekukata alama. Anayenyamazishwa ni mtoto aliaye, na akinyamaza basi kimya. MaikroRNA haifanyi hivyo. Ni uzi wa herufi za kikemia kama 22 hivi, na jeni yenyewe hata haiigusi. Hujibandika kwenye RNA inayobeba kutoka kwa jeni ujumbe wa kutengeneza protini, na protini ikatengenezwa kidogo kuliko ilivyokuwa itengenezwe. Kidogo, si sifuri. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliopewa Nobeli mwaka 2024, waliigundua ya kwanza kwa kinyoo asiyefika milimita mbili, wakaichapisha mwaka 1993.

Katika msuli wa moyo iko moja iitwayo miR-1. Panya wachanga walipozidishiwa wakiwa bado tumboni, seli za msuli wa moyo ziliacha kuongezeka mapema mno. Wengine walipopunguziwa, baadhi yao walikufa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya moyo. Ikizidi balaa, ikipungua balaa. Jambo lenyewe ni kipimo, na «kunyamazisha» hakuna kipimo.

Bibi yangu kule Kibokoni, stima zikipotea, aliwasha chemni. Tukishalala hakuipuliza. Alizungusha kile kigurudumu cha pembeni, utambi ukashuka, mwanga ukabaki wa kuonea mlango. Hilo twaliita kufifisha taa, na ndilo neno lako. «Kuzima» wengi hulipenda, na magazetini lapita, lakini bibi akizima chemni tulijigonga vidole.

Limebaki «kutabiri». Utabiri ni wa yajayo, kama mvua ya kesho. Programu kama TargetScan haisemi ya kesho: hupanga herufi za mwanzo za maikroRNA, hasa ya 2 hadi ya 8, na kutafuta ni ujumbe gani una herufi za kuoana nazo. Kuoana huko huenda kuko tayari ndani ya seli, sisi ndio hatujakuona. Fundi akutazamaye mabegani na kusema kitambaa chako ni mita tatu, huyo akisia, kisha achukua utepe apime. Programu nayo hukisia, na maabara ndiyo utepe.

Ningeandika hivi: «MaikroRNA hufifisha kazi ya jeni wakati moyo unapoumbika. Ni jeni zipi, programu za kompyuta hukisia, kisha maabara huthibitisha.»