Chanjo Ilimvimbisha Paka Wangu, na Bado Ninamchanja

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia usiku wa manane. Paka wake alichanjwa mchana, jioni akagoma kula, akajichimbia chini ya kitanda, na ukimgusa mgongoni anafoka. "Dada, nimeapa simchanji tena. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mdogo wangu, wa kwako amenuna. Wa kwangu alitaka kufa, na bado ninamchanja. Kaa nikusimulie.

Chausiku alikuwa na umri wa mwaka hivi. Chanjo za utotoni alizipokea zote bila hata kupiga chafya, kwa hiyo siku ya kurudia sikuwa na wasiwasi wowote. Akachomwa sindano mbili kwa mpigo: ile ya mseto, inayokinga panlukopenia, ugonjwa hatari wa virusi unaoharibu utumbo na kinga ya paka, pamoja na virusi vya herpesi na kalisi vinavyoleta mafua makali, na ile ya kichaa cha mbwa. Nikalipa, nikamtia kwenye kikapu chake, tukaondoka.

Hatujafika mbali nikamsikia anajikuna uso kwa fujo. Kufunua kikapu, nakuta ametapika povu, kope zimevimba mpaka macho hayaonekani vizuri, na mdomo wa juu umefura upande mmoja. Nikauinua ule mdomo kuangalia fizi. Fizi za Chausiku ni za waridi zenye madoa meusi. Siku ile zilikuwa nyeupe kama chaki. Na alikuwa anahema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo huenda ni joto tu. Paka akihema mdomo wazi, kimbia.

Nikageuza. Mapokezini naambiwa, "Paka hutapika ovyo hawa, dada. Nenda naye nyumbani, asipopata nafuu kesho umlete." Nikakipandisha kikapu juu ya meza yao, nikakifungua, nikasema siondoki hapa mpaka daktari amwone. Watu kwenye foleni wakanikodolea macho. Wakodoe tu. Daktari alitoka kuja kunituliza, akamtupia Chausiku jicho mara moja, akamnyakua na kukimbia naye ndani. Adrenalini, oksijeni, maji ya mshipa.

Daktari yule alikuwa stadi, sikatai. Mikono yake naishukuru mpaka leo. Tatizo lilikuwa mdomo. Jioni, Chausiku ameshasimama na ameanza kutaka kumng'ata mtu, daktari akaniambia huenda ni mdudu tu aliyemuuma njiani. Mdudu! Ndani ya kikapu kilichofungwa, dakika chache baada ya sindano mbili! Kwenye kadi akaandika chanjo mbili, tarehe, akagonga muhuri, basi. Ukiisoma kadi ile utadhani siku ilipita salama salimini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata yale ya mapokezini, kwa sababu daktari yeyote ambaye angemwona baadaye angemchoma zilezile mbili tena bila kujua.

Nilipowasimulia watu, nusu wakaniambia niachane na chanjo kabisa, nusu wakasema natia chumvi. Sikumsikiliza yeyote. Nilikaa nikasoma.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia paka 496,189 waliochanjwa. Waliopata madhara ndani ya siku 30 walikuwa 2,560, yaani kama 52 katika kila 10,000, na wengi wao kilichowapata ni kulegea, pengine na homa kidogo. Hatari iliongezeka kadiri paka alivyochomwa chanjo nyingi kwa siku moja, na kilele chake kilikuwa kwa paka wa karibu mwaka mmoja. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kile kicheko cha hasira. Mwaka mmoja, sindano mbili kwa mpigo. Ni Chausiku mtupu.

Kwa hiyo swali langu likabadilika. Nikaacha kujiuliza nimchanje au nisimchanje, nikaanza kuuliza ipi, lini, wapi, na nani atakuwa anamwangalia.

Nikahama kliniki. Daktari mpya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya faili: mzio mkali wa chanjo. Nusura nilie. Tukaanza kupunguza. Chanjo ya leukemia ya paka, ugonjwa wa virusi ambao paka huambukizana, tuliiondoa, maana Chausiku ni mtu mzima, anaishi ndani na hakutani na paka wengine. Ile ya mseto tukaiahirisha, kwa kuwa miongozo ya WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, inasema paka mkubwa asiye katika mazingira ya hatari hana haja ya kuirudia zaidi ya mara moja kila miaka 3. Badala ya kurudia, tukapima damu. Kingamwili za panlukopenia zilikuwapo, na kwa ugonjwa huo kipimo kinaaminika. Kwa herpesi na kalisi hakitegemewi hivyo, asikudanganye mtu.

Ikabaki ya kichaa cha mbwa. Hapo sikuwa na ujanja. Sehemu nyingi ni sharti la kisheria, na kipimo cha damu kwa kawaida hakikubaliwi badala yake. Penye kibali cha kusamehewa kwa sababu za afya, huandikwa na daktari, si wewe kujiamulia. Ila hata bila sheria ningemchanja. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, kwa paka au kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Siwezi kuweka hatari hiyo ndani ya nyumba yenye watoto kwa sababu ya woga wangu.

Siku ilipofika alichomwa hiyo moja tu, asubuhi, na chanjo ya kampuni nyingine, ile isiyo na kichocheo, yaani kiungo kinachotiwa ili kuamsha kinga zaidi. Daktari alimtangulizia dawa ya mzio, na tukakaa palepale kliniki, adrenalini ikiwa tayari mezani. Nilikuwa nafunua mdomo wake kila mara mpaka akanichoka. Akalala siku nzima, kesho yake akaamka anadai chakula kwa kelele. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, nisiseme uongo.

Sasa wewe uliyeniandikia. Kulala, kukosa hamu ya chakula, joto kidogo, maumivu pale alipochomwa: hayo hupita ndani ya siku moja mbili. Yakizidi hapo, mrudishe. Uso kuvimba, kutapika mfululizo, kuharisha, fizi kupauka, kuhema kwa shida au kuanguka: hayo hayasubiri kesho, na hayasubiri ruhusa ya mtu wa mapokezi. Mara nyingi huanza ndani ya dakika au saa chache, ndiyo maana nasema chanja asubuhi na usiwe na haraka ya kuondoka. Na tafadhali, usimpe parasetamoli ya kwako umshushe homa. Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nimeona watu wakishauriana hivyo kwa kujiamini kabisa, na huwa natamani niwapokonye simu.

Kuna na suala la uvimbe. Kinundu kidogo pale palipochomwa ni kawaida na hunywea ndani ya wiki chache. Lakini mwaka 1991 wataalamu wa Pennsylvania, Marekani, waligutusha dunia kuhusu saratani iitwayo sakoma inayoota mahali pa sindano. Ni nadra, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni paka mmoja kati ya 10,000, ila ikishika ni mbaya. Kinundu kikidumu zaidi ya miezi 3, kikizidi sentimita 2, au kikiendelea kukua mwezi 1 baada ya chanjo, daktari akichunguze. Ndiyo sababu pia wa kwangu huchomwa chini kwenye mguu, si katikati ya mabega. Mguu unaweza kukatwa paka akaishi. Mabega utayakata vipi?

Wenye paka wa ndani nao wasijidanganye. Virusi vya panlukopenia huweza kukaa mwaka mzima kwenye mazingira, na viatu vyako vinatosha kuviingiza ndani. Kitoto cha paka kinahitaji mfululizo wake wote mpaka kifike wiki 16 au zaidi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama huizuia chanjo kushika mapema. Na usimwombe daktari nusu dozi. Nusu dozi huenda isimkinge, na mwenye mzio hahitaji dozi nzima ili avimbe.

Mwisho, kadi. Daktari asipoandika kilichotokea, mwombe aandike. Akikataa, andika mwenyewe palepale mbele yake: jina la chanjo, namba ya toleo, mguu uliochomwa, saa, na dalili ya kwanza ilianza lini. Piga picha uso ungali umevimba. Nakala ya Chausiku nimeibandika upande wa ndani wa kifuniko cha kikapu, kwa sababu siku ya dharura atakayembeba huenda asiwe mimi.