Kabla ya Kupiga Hodi: Sampuli na Hojaji kwa Anayefanya Utafiti Lamu

Simama gatini Lamu saa nne asubuhi na karatasi mkononi, utapata majibu mia moja kabla ya adhuhuri. Watakujibu manahodha wa mashua, wachukuzi, abiria wa Mokowe na vijana wanaongojea wageni. Mama aliye jikoni Mkomani hutamwona, wala mvuvi aliyetoka alfajiri, wala mzee ambaye ngazi za nyumba yake zimemshinda. Majibu yale mia yanaeleza habari za watu waliokuwa gatini saa nne asubuhi. Yafanye elfu, bado yataeleza habari za watu hao hao.

Wingi hautibu uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa na mwelekeo tofauti na walionyamaza. Makosa hayo mawili, orodha yenye mapengo na watu wasiojibu, ndiyo yatakayokusumbua na wewe. Fomula zinakuja baadaye.

Tuchukue kazi moja ili tusielee hewani: unataka kujua kaya za mji wa Lamu zinatumia maji kiasi gani kwa siku na zinayapata wapi. Mji unategemea sana maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini wapo wenye visima vyao na wapo wanaonunua kwa mtungi. Wanafunzi wengi hukimbilia kuomba orodha ya wateja wenye mita. Orodha hiyo ni safi, ina majina na namba, na imewaacha nje wale wale ambao shida ya maji inawagusa zaidi. Usiitumie peke yake.

Anza kwa kuandika sentensi moja inayosema unamchunguza nani, wapi na kwa kipindi gani. "Wakazi wa Lamu" haitoshi, maana Lamu ni mji, ni kisiwa na ni kaunti yenye Faza, Witu, Mpeketoni na Kiunga ndani yake. "Kaya zote zilizoishi katika mji wa kale wa Lamu, Mkomani na Langoni, kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya mahojiano" inatosha. Kisha eleza kaya ni nini. Maana inayofanya kazi, na inayokaribiana na ile ya sensa, ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Nyumba si kaya. Katika nyumba ya mawe familia moja hukaa chini na nyingine orofani, na pale penye wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, chumba unachokiona juu ya kichwa chako huenda ni cha mlango wa upande wa pili wa njia. Picha ya setilaiti itakuhesabia mapaa tu. Dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, uliza hivi: "Mlango huu una vyungu vingapi?" Kila chungu kipate mstari wake katika orodha.

Kuorodhesha mji mzima ni kazi kubwa, kwa hiyo gawa ramani katika vipande vidogo vinavyopakana na vichochoro, kila kimoja kiwe na kaya kama 40 hadi 80. Vipe namba, chagua baadhi kwa kura, kisha orodhesha kila kaya ndani ya vipande hivyo tu. Kama ukubwa wa vipande unatofautiana sana, kikubwa kipewe nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa kulingana na kaya zake, la sivyo itakubidi urekebishe kwa uzito mwishoni. Ukiwa ndani ya kipande, shika ukuta wa kulia tangu kona ya mwanzo mpaka urudi ulipoanzia. Vichochoro vya Lamu vinapinda, na anayeruka huku na huku husahau milango ya ndani. Mlango wa ndani ndio unaosahaulika kila mara, na wanaokaa humo mara nyingi ni wapangaji.

Kuna njia ya mkato inayofundishwa bado: simama katikati ya kijiji, zungusha kalamu chini, fuata inakoelekea. Iache. Nyumba za karibu na kitovu hupata nafasi kubwa kuliko za pembeni, na hakuna anayeweza kukokotoa nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani. Sampuli nasibu maana yake ni kwamba kila kaya ina nafasi inayojulikana na isiyo sifuri. Kama huwezi kuitaja nafasi hiyo kwa namba, hesabu zako zote za kiwango cha kosa hazina msingi.

Kura yenyewe ni rahisi. Andika namba kwenye vipande vya karatasi, au tumia kompyuta. Ukitumia jedwali la kompyuta, nakili namba ulizopata uzibandike kama thamani tupu mara moja, kwa sababu fomula ya namba nasibu hujibadilisha kila ukigusa jedwali, na kesho hutaweza kumwonyesha mwalimu ulichochagua jana. Ondoa zinazojirudia. Na usirudie kura kwa sababu matokeo "hayakukaa vizuri", kwani ukirudia mpaka upendezwe, aliyechagua ni wewe.

Uteuzi wa hatua sawa ni mwepesi zaidi: una kaya 1,200 unataka 300, basi hatua ni 4; pigia kura namba ya kuanzia kati ya 1 na 4, kisha ruka nne nne. Unaharibika orodha inapokuwa na mdundo wake. Tuseme unapima samaki wanaoletwa pwani na umeamua kwenda kila baada ya siku 14. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, hurudi kila baada ya siku 14 au 15. Ukianza siku ya bamvua, kwa safari kadhaa utakuwa unapima bamvua tu, na ukianza siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, utaripoti mambo mengine kabisa, ilhali bahari ni ile ile. Zaidi ya hayo, ukianza Ijumaa, kila safari yako itakuwa Ijumaa. Hapa ugawe mwezi katika matabaka mawili, siku za bamvua na siku za maji mafu, kisha upige kura ya siku ndani ya kila tabaka. Utafiti wa wakati wa kusi, pepo za kusini, usiusemee mwaka mzima. Kaskazi, pepo za kaskazini, ni habari nyingine, na kila mvuvi atakwambia hivyo bure.

Sasa ukubwa wa sampuli. Ukikadiria asilimia, na ukitaka kosa, yaani tofauti kati ya jibu la sampuli na la kaya zote, lisizidi pointi 5 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, zidisha 1.96 kwa 1.96, zidisha kwa 0.25, gawa kwa 0.05 mara 0.05. Unapata 384.16, yaani kaya 385. Ukitaka kosa liwe nusu, pointi 2.5, sampuli inakuwa mara nne: 1,537. Kijiji kidogo kinahitaji pungufu: gawa 385 kwa jumla ya 1 na 384/N, N ikiwa idadi ya kaya zote za kijiji. Penye kaya 300 unapata 169.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojidanganya. Ile 385 ni ya kura ya moja kwa moja katika orodha nzima. Wewe umechagua vipande kwanza, na majirani hufanana: wanategemea bomba moja na kisima kimoja. Ukihoji kaya 20 za kichochoro kimoja hujapata habari 20 zilizo tofauti. Kipimo cha kufanana huko huingizwa hivi: 1 jumlisha (idadi ya kaya kwa kipande toa 1) mara mgawo wa kufanana, ambao ni 0 majirani wasipofanana hata kidogo na 1 wakifanana kabisa. Ukichukua mgawo wa 0.05 na kaya 20 kwa kipande, unazidisha sampuli kwa 1.95, yaani 751. Ukichukua kaya 10 kwa kipande, unazidisha kwa 1.45, yaani 559. Vipande vingi vyenye kaya chache ni bora kuliko vichache vilivyojaa, hata kama miguu itauma. Kisha, kama unatarajia asilimia 85 watajibu, gawa 559 kwa 0.85: utahitaji kaya 658. Kama bajeti haiwezi, punguza ahadi yako: kwa kura ya moja kwa moja kosa la pointi 10 linahitaji kaya 97, na ukiongeza vipande na wasiojibu kwa hesabu hiyo hiyo unafika 166. Kazi ya 166 iliyofanywa kwa uaminifu ni heri kuliko ya 658 iliyojazwa kwa kubahatisha.

Matabaka hutumika unapotaka kusema jambo kuhusu kila sehemu. Kwa namba za mfano tu: kisiwa kina kaya 2,000, mji 1,500, Shela 300, Matondoni 140, Kipungani 60. Sampuli ya 400 kwa uwiano inakuwa 300, 60, 28 na 12. Kaya 12 za Kipungani zitakupa kosa la pointi kama 25, ambalo halisemi kitu. Ongeza Kipungani ifike 40 na kosa linashuka hadi pointi kama 9. Lakini sasa kila kaya ya Kipungani uliyoihoji inasimama kwa 1.5 na kila kaya ya mjini inasimama kwa 5. Ukijumlisha kisiwa kizima bila kuzidisha kwa uzito huo, Kipungani itakuwa imepiga kelele kuliko ukubwa wake. Safu ya uzito iwekwe kwenye jedwali siku ya kwanza, maana baadaye husahaulika.

Kwa mlango uliofungwa kuna kanuni moja: usiende kwa jirani. Kaya isiyopatikana mchana ni kaya ya watu wanaoshinda kazini, na jirani aliyepo ni mtu wa aina nyingine. Rudi mara tatu kwa saa tofauti: asubuhi, baada ya Alasiri, na siku nyingine. Epuka adhuhuri ya Ijumaa na ile saa ambayo chungu kiko motoni. Ramadhani mpangilio wote hugeuka, bora uahirishe. Andika kila safari, saa na matokeo. Na utofautishe aliyekataa, asiyekuwepo, na nyumba ya likizo isiyo na kaya. Hiyo ya tatu haihesabiwi kuwa imeshindwa kujibu, inaondolewa kwenye orodha.

Ikiwa swali ni la mtu mmoja mmoja, usimhoji aliyefungua mlango. Andika watu wazima wote wa kaya kuanzia mkubwa hadi mdogo, pigia kura namba moja, mtafute huyo. Kwa wanawake peleka mhoji mwanamke. Mhoji asipelekwe kwenye mtaa wa nyumbani kwao, kwani mbele ya mtoto wa jirani hakuna atakayetaja deni wala kipato.

Hojaji nayo ina mitego yake. "Je, unapata maji safi na ya kutosha?" ni maswali mawili, anayepata mengi ya chumvi ajibu nini? "Je, hukubali kwamba huduma ni mbaya?" humlisha mtu jibu. "Mara kwa mara" kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine ni kila mwezi. Uliza: "Tangu jana alfajiri hadi leo alfajiri, kaya hii ilitumia mitungi mingapi ya lita 20?" Nenda na mtungi au picha yake, kwa sababu ndoo na madumu hutofautiana. Kipato cha mvuvi usikiulize kwa mwezi. Uliza bamvua lililopita, au safari ya mwisho, na uulize kama ni fungu lake au ni la chombo kizima.

Saa ni hatari isiyoonekana. Mhojiwa akisema "saa moja asubuhi" na mhoji akaandika 1:00, jedwali litaonyesha mji mzima ukiteka maji usiku wa manane. Amueni mapema: fomu iandikwe kwa saa za Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku, na ubadilishaji ufanywe na mtu mmoja ofisini. Vivyo hivyo kuhusu lugha. Maswali yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, lakini wahoji wakubaliane maneno ya Kiamu watakayotumia pale mzee anaposema "ndia" na si "njia", ili kila mmoja asitafsiri kivyake.

Jaribu hojaji kwa kaya 10 hadi 15 zisizo katika sampuli. Pima dakika, zikipita 30, kata maswali. Swali ambalo thuluthi ya watu wanajibu "sijui", liandike upya. Maswali ya kipato yakae mwisho. Kabla ya yote hayo pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mwone chifu na mzee wa mtaa, na omba ridhaa ya kila mhojiwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi. Sema wazi mlangoni kwamba hakuna msaada utakaoletwa na fomu hii, la sivyo kila kaya itakuwa na shida kubwa kuliko ilivyo.

Katika ripoti, kabla ya asilimia yoyote, weka jedwali dogo: milango iliyochaguliwa, iliyokutwa haina kaya, waliokataa, wasiopatikana baada ya safari tatu, waliohojiwa. Chini yake taja vipande vingapi, kaya ngapi kwa kipande, tarehe, na kama zilikuwa siku za kusi au kaskazi.