Mpito wa awamu au badiliko la hali?

Swali: Ninaandaa makala ya Kiswahili kuhusu modeli za kinadharia katika fizikia. Kichwa chake nimekiandika hivi: "Mpito wa awamu katika vifaa vya feroelektriki na vipitishi bora". Mwenzangu anasema "awamu" ni neno la uongozi, nami naona "hali" ni pana mno. Tushike lipi? Na je, niandike "joto" au "halijoto"?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi kulikataa neno, ila sababu yake siikubali. Awamu si mali ya uongozi peke yake. Watu hujenga nyumba kwa awamu na hulipa madeni kwa awamu. Kasoro yake hapa ni kwamba awamu hufuatana kwa wakati: ya pili huja baada ya kwanza, na ya kwanza ikishapita imepita.

Sasa itazame titanati ya bariamu, dutu ya feroelektriki ambayo bila shaka itakuwamo katika makala yako. Ikiwa na nyuzi zaidi ya 120 hivi za Selsiasi, chembe ndogo kabisa ya umbo la fuwele yake ni mchemraba, na ioni ya titaniamu, yaani atomu yake yenye chaji, imekaa katikati. Ikipoa chini ya hapo, ioni ile husogea kidogo pembeni, mchemraba hurefuka upande mmoja, na chaji chanya na hasi hutengana. Ipashe moto tena, ioni inarudi katikati. Hapo hakuna zamu iliyokwisha, kwa kuwa kinachoamua ni halijoto. Barafu, maji na mvuke tunaziita hali tatu, wala hakuna anayelalamika kwamba neno ni pana. Upana wa "hali" huisha pale inapoandamana na "badiliko". Andika "badiliko la hali".

Wapo wanaopenda "mgeuko wa hali", na kwa maji au zebaki nisingewapinga. Lakini sifa inayoitambulisha dutu ya feroelektriki ni kwamba mtengano wake wa chaji unaweza kugeuzwa: uga wa umeme wa kutosha ukielekezwa kinyume, upande chanya unakuwa hasi na hasi unakuwa chanya, bila hali ya dutu kubadilika. Ukitumia -geuka kwa mambo yote mawili, ukurasa wa pili tu msomaji hatajua unasema lipi. Liache -geuza lishughulikie mwelekeo, na -badilika lishughulikie hali. "Fezi", kutoka Kiingereza "phase", nayo ihurumie: mafundi umeme wanaitumia kwa maana yao kila siku, na makala yako imejaa umeme.

Zingatia pia umoja na wingi. Tumezoea "mabadiliko" hata kwa jambo moja, lakini hapa hesabu ina maana. Titanati ya bariamu inapopozwa hupitia mabadiliko matatu: kwenye nyuzi 120 hivi, kwenye nyuzi 5 hivi, na kwenye takriban nyuzi 90 chini ya sifuri. Kila moja ni badiliko, na lina halijoto yake.

"Vifaa" vinanisumbua zaidi kuliko "awamu". Kifaa ni kitu kilichotengenezwa kwa kazi fulani. Fuwele itakuwa sehemu ya kifaa siku itakapokatwa na kuwekwa ndani ya kapasita. Kabla ya hapo ni dutu. Nadharia unazozieleza zinahusu dutu.

"Vipitishi bora" ni kosa la maana, na ningekuomba ulifute kabisa. Ubora una ngazi: shaba hupitisha umeme vizuri kuliko risasi, kwa hiyo shaba ni kipitishi bora. Lakini risasi ikipozwa chini ya kelvini 7.2 (kama nyuzi 266 za Selsiasi chini ya sifuri) ukinzani wake, yaani uzuiaji wake wa umeme, hutoweka, ilhali shaba katika kanieneo ya kawaida haijapata kuonekana ikifanya hivyo hata kwenye baridi kali kupindukia. Mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hili la ukinzani kutoweka kwa mara ya kwanza mjini Leiden mwaka 1911, katika zebaki, karibu na kelvini 4.2. Hii ni hali nyingine, tena hali hiyo hufukuza uga wa sumaku kutoka ndani ya dutu, jambo ambalo ubora wa kupitisha umeme hauwezi kulieleza. Mimi huandika "superkondakta", kwa upatanisho wa ngeli ya I-ZI: superkondakta hii, superkondakta hizi. Kondakta wa basi ndiye anayeitwa "huyu".

"Feroelektriki" nayo iache ilivyo. Nimewahi kusoma "umeme-chuma", na msomaji wa neno hilo atatafuta chuma ndani ya titanati ya bariamu asikione. Jina lilitokana na kufanana kwa tabia na sumaku za chuma tu.

Kuhusu joto na halijoto, tofauti hiyo ndiyo itakayoisimamisha au kuiangusha makala. Joto ni nishati inayohama. Halijoto, ambayo wengine huiita jotoridi, ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Titanati ya bariamu inapofika kwenye nyuzi 120 hivi ikiwa inapashwa moto, hupokea joto fiche: joto linaingia, halijoto haipandi mpaka badiliko limalizike. Superkondakta isiyo ndani ya uga wa sumaku haina joto fiche. Ukiandika "joto halipandi ingawa joto linaingia", umeifuta fizikia yenyewe.

Kutokana na tofauti hiyo, badiliko lenye joto fiche huitwa la daraja la kwanza, na lile la superkondakta ni la daraja la pili, kwa uainishaji alioutoa mwanafizikia Paul Ehrenfest mwaka 1933. Usilikate neno "daraja". "Badiliko la kwanza" ni la kwanza kwa mfuatano, "badiliko la daraja la kwanza" ni aina, na katika titanati ya bariamu yote matatu ni ya daraja la kwanza.

Nadharia ya mwanafizikia Lev Landau ya mwaka 1937 kuhusu mabadiliko ya hali, ambayo yeye na Vitaly Ginzburg waliipeleka kwenye superkondakta mwaka 1950, inahitaji jina la kiasi ambacho ni sifuri upande mmoja wa badiliko na si sifuri upande wa pili. Kwa feroelektriki kiasi hicho ni mtengano wa chaji. Nimeona "kigezo cha mpangilio", lakini kigezo ni kitu tunachopimia, na hiki ndicho kinachopimwa. "Kiasi cha mpangilio" kinatosha, na sentensi yake iandike kwa hu-, kwa kuwa unaeleza kanuni: "Halijoto ya superkondakta ikishuka kupita kiwango chake, kiasi cha mpangilio hukua kutoka sifuri."